Gauni la Jikoni

Oxon Hill, Maryland
16 Novemba 2004

Dada Vumilia,

Edna amekufa. Amekufa Jumamosi ya wiki iliyopita, mchana, jikoni. Daktari alisema moyo. Tumeshamzika huku huku, Temple Hills.

Salamu nimeziweka hapa kwa sababu ningeanza nazo nisingefika kwenye habari. Hamjambo wote? Mguu wa shemeji unaendeleaje? Tangawizi mmevuna?

Nilimpigia Ombeni simu Dar nikamwambia dada yake amekufa. Simu ikakatika. Nadhani amewaletea habari.

Watu walikuja. Tunayo ibada ya Kiswahili, kanisa la kuazima, na wote walifika: Wakenya, Wakongo, sisi. Rosemary wa Hedaru alipika. Wakongo waliimba vizuri sana. Huku kaburi hachimbi ndugu, linachimba trekta. Nilisimama tu, mikono mfukoni.

Ukitaka kujua nakaa wapi, ni pale pale. Ile nyumba kubwa ya shamba niliyokuandikia, ya matajiri wa tumbaku wa zamani. Wenyewe walishakufa wote. Sasa ni ya chama cha kutunza majumba ya kale, na wageni wanakuja kutazama. Mimi nakata nyasi na kupaka rangi. Edna alikuwa anapika kwenye jiko la kuni la nje, ili wageni waone watu wa zamani walivyopika. Tulikuwa tunalala ghorofani juu ya jiko hilo, vyumba viwili. Sasa nalala mimi.

Usiniulize kwa nini hatukumleta nyumbani. Haikuwezekana.

Mdogo wako,
Eliudi


Mbaga, Same
9 Januari 2005

Eliudi mdogo wangu,

Bwana asifiwe. Sisi tuko salama. Shemeji yako mguu umevimba tena, anatembelea fimbo na anagombana na kila mtu. Tangawizi tumevuna, bei mbaya. Ng'ombe mweupe amezaa dume. Pole sana kwa msiba. Pole sana. Tumelia, usifikiri hatujalia.

Barua yako imefika Krismasi imeshapita. Kabla ya hapo tulikuwa na habari ya Ombeni tu. Alisema dada yake amekufa na mwili unakuja. Wewe unasema simu ilikatika. Sasa mtu akiambiwa dada yako amekufa Ulaya na simu ikakatika, afikiri nini? Nani alishasikia mke wa mtu wa Mbaga anazikwa ugenini? Watu walikaa hapa kwako, kwenye kiwanja chako, wanangoja. Wengine walitoka mpaka Gonja. Yaliyofanyika hapo sitaandika.

Sasa nisikilize. Nguo za Edna usiziguse. Hata leso. Usimpe Rosemary wala Wakongo wako, hata wakiimba namna gani. Mimi ndiye wifi yake, mimi ndiye wa kuzigawa mbele ya wanawake wa ukoo, zote kwa pamoja, siku moja. Unajua ilivyo. Mpaka zigawanywe, yeye hajaenda na wewe hujaachwa. Tafuta mtu anayekuja, mpe sanduku.

Na uniambie unakula nini.

Dada yako,
Vumilia


Oxon Hill
20 Februari 2005

Dada,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Mpe pole shemeji, mwambie fimbo si aibu. Hongera kwa dume.

Nakula ugali. Unga upo, dukani kwa Wahindi.

Theluji imeanguka mara nyingi mwaka huu. Kazi yangu asubuhi ni kuifagia njiani wageni wasianguke, ingawa wageni wenyewe ni wa kuhesabu. Nyumba hii ina masharti. Huruhusiwi kupigilia msumari ukutani. Huruhusiwi kuwasha moto chumbani, ila jikoni chini kwa maonyesho. Dirisha langu lina kioo cha miaka mia mbili na upepo unapita pembeni, nikaweka gazeti. Bosi akaja akatoa gazeti. Bosi ni mama mmoja mzungu, si mbaya, anaipenda nyumba kuliko watu.

Wiki iliyopita nilikuwa nakula, mlango ukafunguka. Mzee na mkewe, wamepotea njia ya maonyesho. Wakanitazama. Wakatazama sufuria. Yule mama akauliza kama mimi ni wa siku zote au wa wikiendi tu. Nikasema wa siku zote. Mzee akapiga picha. Edna angekuwepo angewakaribisha wakae.

Jumapili moja Jabari alinichukua na gari lake kwenda Manassas. Jabari ni Mmarekani mweusi anayetembeza wageni hapa. Kiswahili amesomea chuoni, anaongea kama taarifa ya habari. Aliniambia, "Mzee Eliudi, je, ungependelea kuzuru uwanja wa mapigano?" Nikasema twende, bora kuliko kukaa. Ni uwanja mkubwa wa nyasi. Vita vyao wenyewe kwa wenyewe walipigana pale, watu wakafa maelfu. Nikamwuliza, nyasi zote hizi anakata nani? Alicheka mpaka akakaa chini. Edna tulikuwa tumepanga naye kwenda huko. Alipenda kutoka Jumapili. Akitoka kanisani hataki kurudi, anataka tupande basi lolote tuone linaishia wapi.

Nakuletea picha yake moja, akiwa kazini.

Sanduku sijapata mtu.

Eliudi


Mbaga
3 Aprili 2005

Eliudi,

Bwana asifiwe. Masika yameanza vizuri, barabara imekatika pale kona ya shule. Shemeji yako amepata dawa ya kupaka, sasa ananuka lakini anatembea. Wote wanakusalimu.

Umejibu yote isipokuwa nililouliza. Unasema hujapata mtu. Godlisten wa mzee Fidelis yuko huko anasoma, amerudi hapa kwa likizo ya Pasaka, nimemwuliza. Anasema alikuja kwako mwezi wa pili, kabla ya safari, akakwambia anakuja nyumbani, na wewe ukamwambia sanduku limevunjika. Sanduku limevunjika? Funga kwa kamba. Mimi mtu mzima, usinifanye mtoto.

Picha tumeiona. Nimeificha mama yake Edna asiione. Amevaa nini? Gauni refu mpaka chini, kitambaa kichwani, aproni, amechuchumaa penye moto kama mtumwa wa mtu. Ndiyo kazi aliyoifuata Marekani? Hapa watu walisema Edna ana kazi nzuri, kwenye jumba. Mimi ndiye niliyekuwa nasema.

Nijibu hilo. Na nguo.

Vumilia


Oxon Hill
10 Julai 2005

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa. Hamjambo? Barabara imetengenezwa? Mimi naumwa mgongo tu, ni kawaida. Joto limekuwa kali, watu wanalala na feni.

Nitajibu yote. Kukupigia simu ya dukani kwa mzee Fidelis sitaki, kila mtu anasikiliza.

La picha. Ndiyo, gauni ni la mtumwa. Nyumba hii ilikuwa na watumwa, na aliyekuwa anapika jiko lile alikuwa mtumwa na alilala vyumba tunavyolala. Bosi alitafuta mtu wa kupika kwa kuni, hawajui, moto unawafia. Edna alikuwa anafagia ndani, akapita, akapanga kuni, ukawaka. Basi akapewa kazi. Jabari mwanzoni hakupenda kabisa. Akamwuliza, "Mama Edna, je, huoni uchungu katika vazi hilo?" Edna akamwambia, "Naona moshi. Nisogezee hilo gogo." Wakawa marafiki. Kitambaa kilikuwa cha ofisi lakini gauni alishona mwenyewe, kwa mkono, Jumapili zote za mvua. Mikono aliipanua kwa sababu ya kwanza ilimbana akisonga.

Alishona mawili. Moja alianguka nalo. Wageni walikuwepo, wakasimama wanatazama. Walidhani ndiyo kazi. Mimi nilikuwa nje na mashine ya nyasi, sikusikia kitu. Watu wa gari la wagonjwa walilikata na mkasi. La pili lilikuwa kambani linakauka. Nililianua siku ile ile kabla ya giza, nikalikunja na nguo zake.

Sasa sikia. Mwezi wa tano wageni walipoanza kuja, bosi aliajiri mwanamke mwingine wa jikoni. Anaitwa Nyaguthii, Mkenya, mjane kama mimi. Bosi akaja akasema gauni ni mali ya nyumba. Ni kweli, kitambaa ni chao. Nikampa. Nilifikiri ni kitu kidogo.

Siku moja natoka kumwaga majani, nikapita mlango wa jiko. Amenipa mgongo, amechuchumaa, kitambaa kichwani. Nikasema, "Mama Edna, maji yapo?" Dada, nilisema hivyo. Yule akageuka. Akasema, "Mzee, pole. Ni mimi tu."

Alipolivua jioni nikalichukua kwenye msumari wa zamani wanapolitundika, nikalifungia sandukuni. Asubuhi bosi akauliza. Nikasema ninalo na silitoi. Akasema kwa nini. Nikamwambia nguo za marehemu zinagawanywa na wifi yake, zote kwa pamoja, na wifi yake yuko Mbaga. Jabari akatafsiri, alijitahidi sana, alisema maneno mengi kuliko yangu. Bosi alisikiliza. Halafu akasema pole sana, nenda ukapumzike, ukilileta utarudi kazini. Mwisho wa mwezi wa nane usipolileta, kazi na vyumba apewe mwingine. Nyaguthii aliniambia pembeni, "Mzee, mimi sijui hiyo story ya nguo. Nilipewa uniform nikavaa. Ukitaka niseme silitaki, nitasema." Nikamwambia asiseme, atafukuzwa.

Kwa hiyo nakaa bure. Asubuhi naamka saa za kazi, navaa, nakaa ngazini. Nyasi zinaota naziona. Bosi ameleta kijana na mashine, anakata kama ananyoa mbuzi mgonjwa. Jumapili nilipanda basi mpaka lilipoishia, nikateremka, nikatazama mto. Wanachimba sana kando ya mto, wanajenga mahoteli. Nikapanda tena nikarudi.

Wewe sema. Ukisema nguo zote zije nyumbani, zitakuja zote na gauni, na mimi nitatafuta pengine pa kukaa. Mimi sina haki ya kutoa hata moja, na wewe ndiye uliyenikumbusha.

Na lile la kumzika huku. Sikutaka kuandika. Edna aliniambia mwenyewe, alipoanza kuchoka, nisimrudishe. Alisema, "Eliudi, wale walishanisema vya kutosha nikiwa hai. Sitaki wanisimamie." Kwamba hakuzaa. Unajua nani walikuwa wanasema. Sikuandiki ugombane na mimi. Uliuliza.

Sweta lake nilikuwa nalivaa asubuhi za baridi, ndani ya koti. Hilo ndilo sanduku lililovunjika.

Eliudi


Mbaga
30 Julai 2005

Eliudi mdogo wangu,

Barua hii anakuletea Rosemary kwa mkono, alikuja kumwona mama yake Hedaru, nikashuka mpaka kule na shemeji yako na fimbo yake. Sisi wazima. Maharage tumepata, mama yake Edna anakusalimu. Yule ndama dume tumemuuza, alikuwa anapiga watu.

Aliyosema Edna nimesoma. Nimesoma mara moja, nikakunja barua nikaenda shambani.

Nitakuambia na mimi nililolificha. Ombeni aliposema mwili unakuja, tulichimba kaburi. Kwenye kiwanja chako, upande wa migomba, pazuri. Vijana walichimba vizuri wakajengea na matofali. Halafu ikaja barua yako. Kaburi liko wazi, mwili hauji. Unajua kaburi wazi haliachwi, linaita mwingine. Na kulifukia bure hakuna aliyekubali. Wazee wakasema uzikwe mgomba badala yake, wakaukata, tukauvika khanga, tukauzika. Mchungaji hakuja. Aliniambia hilo silo, nikamwambia basi njoo uingie wewe. Watu waliweka mashada. Mama yake Edna alilia pale kama kwa mtu. Mimi pia.

Sasa hivi masika yamepita na umechipua. Walioukata hawakuondoa kitako chake. Mche umetoka katikati ya kaburi, una majani matatu mapana. Mchungaji anasema ung'olewe. Kila mtu anamwambia mwenzake, ng'oa wewe.

La gauni. Niliwaita wanawake wa ukoo, tukakaa kwangu. Nguo hazipo lakini nilizitaja. Khanga zote kwa mama yake. Viatu na gauni za kanisani kwa mabinti wa Ombeni. Nikasema gauni la jikoni nampa yule Mkikuyu. Shangazi akasema, unampa mtu usiyemjua, na gauni lenyewe la utumwa? Nikamwambia, huyo ndiye anayesimama penye moto wa wifi yangu, nitampa nani mwingine? Na yeye ni mjane. Akasema haijawahi kutokea. Nikasema hata mgomba haukuwahi. Akaomba chai.

Kwa hiyo limetolewa. Usimpe wewe kama wewe. Mwambie, "Wifi yake Edna anakupa." Useme jina langu. Apokee kwa mikono miwili. Mzungu akidhani ni lake, mwache adhani.

Vingine vyote mpe Rosemary, anarudi tena mwezi wa kumi na mbili. Na sweta. Najua unalipenda, na ndiyo sababu nasema litie. Nunua lako.

Dada yako anayekupenda,
Vumilia


Oxon Hill
14 Agosti 2005

Dada Vumilia,

Shikamoo. Mimi mzima. Rosemary alifika salama, analalamika ndege ilikuwa baridi. Tangawizi uliyompa amenipa nusu, nusu anasema ilimwagika.

Barua nimesoma mara nyingi. Ule mgomba msiung'oe. Ukizaa, mle.

Leo baada ya ibada nilimwomba Jabari anilete mimi na Nyaguthii hapa nyumbani, ni siku ya kufungwa, hakuna wageni. Tulisimama uani mbele ya jiko. Nikalitoa gauni nimelipiga pasi mwenyewe, vibaya. Nikasema, "Vumilia, wifi yake Edna, wa Mbaga, anakupa." Nyaguthii alipiga magoti kidogo, akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Mwambie nimeshika. Mwambie asante sana, na pole." Jabari aliuliza kama anaweza kusema neno. Nikamwambia hapana. Akasema, "Naam, mzee."

Ni refu kwake, Edna alikuwa mrefu. Nikamwambia usilikate. Akasema halikatwi, atalipandisha chini kwa uzi, na mikono ataiacha hivyo hivyo mipana, inamfaa. Akauliza Edna alikuwa anawasha na kuni gani. Nikamwonyesha rundo lake, bado lipo nyuma ya ukuta. Tukanywa chai ngazini, wote watatu. Tulikuwa tumefikiria kwenda mpaka mtoni, lakini wote tumechoka, hatukwenda. Nyaguthii alisimulia kwao Murang'a mvua ilivyoharibu kahawa. Jabari akaandika neno moja alilolisikia. Kisha wakaenda.

Bosi nilimpigia, nikamwambia gauni liko jikoni kwa mwenyewe. Akasema vizuri, nilijua utalileta. Sikumweleza.

Nguo nimezitia zote. Sanduku nimelifunga kamba, Rosemary amelichukua na gari la mwanawe. Sweta limo. Nilijaribu kulitoa mara moja, nikalirudisha.

Kabati liko wazi, nimetundika koti langu upande aliokuwa anatundika yeye, kwa sababu ule wa kwangu bawaba imelegea na hairuhusiwi kupigilia msumari. Mgongo unauma. Yule kijana ameacha majani marefu kwenye pembe zote za ukuta na kuzunguka visima vya zamani, itabidi nianze na mkono kabla ya mashine.

Msalimie mama yake Edna. Msalimie shemeji. Shangazi mwambie chai yake nimeisikia huku.

Nalala sasa. Kesho narudi kazini.

Eliudi